Unga wa CMC katika sabuni yetu



Tuseme juu ya ule unga mweupe ambao watengenezaji wa sabuni ya maji wanauita CMC. Jina lake refu ni kaboksimetili selulozi. Selulozi ndiyo inashikilia mwili wa kila mmea: katika mti ni karibu nusu, katika pamba ni sehemu zaidi ya 85 kwa 100. Wazee wa Kasongo na Kabambare wanaijua pamba sana. Sheria ya Wabelgiji ya 1917 ilifungua mlango wa kilimo cha lazima, na pamba ilikuwa mbele. Pamba ikaenda viwandani, siye tukabaki na jembe. Tuache hiyo.

Selulozi yenyewe haiyeyuki katika maji. Viwanda vinaichanganya na soda kostiki, kisha asidi ya monokloroasetiki, ndipo inaanza kupenda maji. Unga kidogo tu, maji yanakuwa mazito kama uji. Njo maana unaingia katika dawa ya meno, aiskrimu, matone ya macho, hata tope la kuchimbia visima vya mafuta. Katika sabuni unaongeza uzito na kuzuia uchafu usirudi kwenye nguo.

Lakini hauoshi! Mnunuzi sokoni anainamisha chupa, anaona sabuni inashuka polepole, anasema hii iko na nguvu. Kumbe inaweza kuwa maji na CMC tupu. Muuzaji wa namna hiyo anatuharibia soko sisi wote.

Tena kuna chumvi. Wengi wamezoea kuongeza uzito kwa chumvi ya jikoni. Chumvi na CMC havipatani: ukizidisha chumvi, ule uzito wa CMC unashuka. Na unga ukimwagwa wote mara moja unafanya mabonge. Nyunyiza kidogo kidogo huku mwenzako anakoroga, acha mpaka kesho yake. Kwa bidoni ya lita 20, gramu 100 mpaka 200 zinatosha. Vijidudu navyo vinaila selulozi hii. Bila dawa ya kuzuia kuoza, sabuni inarudi kuwa maji na kunuka.

Kwa hiyo, wafadhili, kabla ya kutuongezea magunia ya unga, tunaomba mizani ndogo ya gramu kwa kila kikundi, pamoja na ile dawa ya kuhifadhi. Mama aliyerudi kijijini mikono mitupu, mtaji wake wote uko ndani ya bidoni moja.