Sikio Kukauka Siyo Kupona
Mhadhara wa umma, Galu, Kaunti ya Kwale



Mada niliyopewa ni pana: matokeo ya matibabu ya masikio, pua, koo, kichwa na shingo. Nitashika ugonjwa mmoja, sikio linalotoa usaha miezi nenda miezi rudi, kwa sababu atakayeuelewa huu ataelewa mengi kuhusu mengine. Hoja yangu ni kwamba tiba hupimwa kwa hali ya mgonjwa miezi kadhaa baada ya kutoka hospitali, na atakayekwenda kuipima hali hiyo sharti ajulikane tangu siku ya kwanza.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na mrija mwembamba hukiunganisha na nyuma ya pua. Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana mafua yake hupanda sikioni upesi. Usaha ukijaa, kiwambo hutoboka, maumivu hupungua, na mzazi hudhani mambo yamekwisha. Mara nyingi tundu hujiziba lenyewe. Lakini usaha ukiendelea kwa wiki mbili au zaidi, Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuwa ugonjwa sugu. Bakteria wanaotawala hapo ni wengine, hasa Pseudomonas na Staphylococcus, na Pseudomonas haisikii amoksilini. Mama anayenunua dawa ile ile ya maji kila usaha unaporudi anamaliza fedha zake, na sikio linabaki vile vile.

Tiba inayofaa inajulikana. Sikio hukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi, kisha hutiwa matone ya antibiotiki ya jamii ya kwinoloni, kama siprofloksasini, kwa wiki mbili. Mafuta ya nazi hayana kazi humo, wala kijiti cha pamba.

Ushahidi mzito juu ya ugonjwa huu umetoka Kenya yetu. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa katika shule za msingi za Kiambu. Kundi moja la watoto lilikaushwa masikio na kupewa dawa za kumeza na za matone, la pili lilikaushwa tu, la tatu halikutibiwa. Baada ya wiki 16, usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya waliopewa dawa. Waliokaushwa tu walikuwa asilimia 22, na wasiotibiwa asilimia 22 pia. Kukausha peke yake hakukuongeza kitu.

Naomba tuisome na hesabu ya pili ya jaribio hilo hilo, ambayo husahaulika. Kiwambo kilikuwa kimeziba kwa asilimia 15 ya waliopewa dawa, na asilimia 13 katika kila moja ya makundi yale mengine. Dawa ilizidisha masikio makavu zaidi ya maradufu, lakini haikuzidisha viwambo vizima kwa kiasi cha kutajika. Watoto ambao usaha ulikoma walisikia vizuri kuliko waliobaki nao, na darasani hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo wengi wao walibaki na tundu.

Kwa hiyo, tukiuliza kama tiba imefaulu, tuulize mara tatu. Usaha umekoma? Kiwambo kimeziba? Mtoto anamsikia mwalimu? Anayeishia swali la kwanza ataandika “amepona” kwenye kadi ya mtoto ambaye safari yake imefika nusu tu.

Hapa Galu kosa hilo lina gharama kubwa, kwa kuwa maisha yetu yamo baharini. Maji yakipita kwenye tundu, usaha huamka tena. Kwa mpiga mbizi na mvuvi wa pweza, hatari ni ya papo hapo: maji yaliyo baridi kuliko mwili yakifika ndani ya sikio huvuruga sehemu inayotunza mizani ya mwili, naye hushikwa na kizunguzungu chini ya maji, asijue juu ni wapi. Ufukweni kijana huyo anaonekana mzima kabisa. Anayemwambia amepona bila kukiangalia kiwambo anamruhusu kuzama.

Tundu lisilojiziba huzibwa kwa upasuaji, kwa kipande cha utando wa msuli wa juu ya sikio la mgonjwa mwenyewe. Kazi hiyo inahitaji bingwa na hadubini, na kwa mtu wa Galu inaweza kumaanisha kuvuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa. Kila marudio ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Asiyerudi huhesabiwa kimyakimya kuwa amepona, kumbe huenda alikosa nauli. Mvuvi hahesabu samaki nyavu zikiwa bado majini. Na sisi tusihesabu waliopona kwa kuangalia waliochukua dawa.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Katika jaribio la Kisumu lililochapishwa mwaka 2005, watoto 427 wenye ugonjwa huu walitibiwa shuleni kwa wiki mbili, wao kwa wao, mtoto akimtia mwenzake dawa asubuhi na jioni. Usaha ulikoma kwa asilimia 59 ya waliotiwa siprofloksasini, na asilimia 32 ya waliotiwa asidi ya boriki. Mimi navutiwa zaidi na hesabu nyingine: wiki mbili zilipotimia, watoto 411 kati ya wale 427 walipatikana na kupimwa. Walipatikana kwa sababu tiba iliwafuata shuleni, mahali wanapokuwa kila siku.

Kanuni hii ya kuipima tiba kwa matokeo yake inafika hadi kwenye saratani za koo na shingo, ila huko saa muhimu ni ya kuingia hospitali. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, uvimbe wa shingo usiopungua, pua inayotoka damu upande mmoja: mambo haya yaangaliwe mapema, kwa kuwa uvimbe mdogo na uliokwisha kusambaa hauna matokeo sawa, hata daktari akiwa mmoja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa. Basi napendekeza hivi. Kila shule ya Galu na Kinondo iwe na rejista ya masikio. Wiki ya pili, mwalimu au mhudumu wa afya aangalie kama usaha umekoma. Wiki ya 16, tabibu aje shuleni, atazame kiwambo na kupima usikivu. Kila mwaka hesabu yote isomwe barazani mbele ya wazazi, pamoja na ya wale ambao tiba haikuwafaa, ili wapewe rufaa wakiwa bado wadogo.

Leo nimewasomea hesabu za Kiambu na Kisumu. Atakayesimama hapa baada yangu awasomee ya Galu.