Kazi Inapokwisha



Mtu akionekana nyumbani Jumatatu asubuhi, majirani huanza kunong'ona: "Fulani amefukuzwa kazi." Hata sisi tulio kanisani twasema hivyo kabla hatujajua. Lakini kazi haiishi kwa njia moja, na kuzichanganya njia hizo ni kumshuhudia jirani uongo.

Yuko anayestaafu kwa umri. Yuko ambaye mkataba wake umetimia. Yuko anayejiuzulu kwa hiari. Huyu, akilipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka atoe notisi ya siku 28 au zaidi. Na mwajiri anayemwachisha mtu vivyo hivyo, au alipe mshahara wa siku hizo.

Yuko anayepunguzwa kwa kuwa kazi yenyewe imekwisha, wala hana kosa lolote. Huyo hustahili notisi ya mwezi mmoja, malipo ya likizo iliyobaki, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza.

Mwisho, yuko anayefukuzwa kwa kosa kubwa. Hata huyo sheria yasema asikilizwe kwanza, kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi mwenzake akiwapo. Akiona amedhulumiwa, aweza kumwendea afisa wa kazi katika miezi 3.

Je, hili ni jambo geni kwetu? Mungu alipojua kosa la Adamu, alimwita na kumwuliza kabla ya kumtoa bustanini. Na Torati yaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile, jua lisichwe na ujira wake ungali mkononi mwa tajiri.

Basi, ndugu, tuanzie nyumbani. Yaya na mchunga ng'ombe nao ni wafanyakazi. Tusiwatoe langoni usiku kwa hasira, bila kuwasikiliza na bila ujira wao. Na ndugu aliyepoteza kazi akirudi kanisani, tusimwulize alikosa nini. Tumwulize watoto wamekula nini, kisha tuketi naye tuisome barua yake, tujue ni haki gani bado hajapewa.

Bwana atupe moyo wa haki. Amina.