Paa hataki risasi ya nyati
(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosikika redioni)



Jumamosi iliyopita nilikuwa Mchikichini, si mbali na Soko la Karume, nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa na kikombe changu mkononi. Mara akatokea mpwa wangu, kijana ambaye riziki yake ni mitumba. Alikuwa anatembea kwa madaha kidogo, nikajua ana jambo. Kumbe ameanza kufuatilia leseni ya kumiliki bunduki, na wenzake wamemwalika kwenda nao kuwinda swala na paa msimu utakapofunguliwa, kwa kibali halali. Swali lililobaki ni bunduki ya namna gani anunue.

"Mjomba," akaniambia, "nimeshauriwa nichukue ya .375. Ile hata nyati analala. Sasa paa ataniambia nini?"

Baraza zima likacheka kwa kuridhika. Mimi nikamwuliza swali moja tu: "Mjomba, huyo paa unayemwendea ana kilo ngapi?"

Hakujua. Na hakuna aliyejua, ingawa pale walikuwapo watu wanaoweza kukadiria uzito wa belo la mitumba kwa kulitazama tu. Basi nikawaambia: digidigi ana kilo tano hivi. Belo moja la kilo 45 ni uzito wa digidigi tisa. Ndiye mnayetaka kumpiga kwa risasi iliyotengenezwa London mwaka 1912 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika na India.

Ndugu wasikilizaji, najua wengi wenu hamna bunduki wala hamna haja nayo. Lakini naomba mnisikilize, kwa sababu jambo hili linamgusa mwindaji, linamgusa mwanakijiji anayeokota kuni, na linamgusa pia yule anayekula nyama hapa mjini.

Kwanza tuwajue wanyama wenyewe. Sisi watu wa mjini tukisema paa tunawachanganya wote. Digidigi ndiye mdogo, naye huishi wawili wawili, dume na jike. Dondoro ana kilo kumi na kidogo. Funo, yule mwekundu wa msituni, na mbuzimawe wa kwenye majabali hawapishani naye sana. Nsya na taya wanaweza kufika kilo 20 hivi. Swala tomi ni mkubwa kidogo kuliko hao, na swala pala ndipo unapofikia kilo 40 hadi 60 na zaidi. Wapo pia ambao mwindaji mwenye akili hawagusi kabisa: minde, ambaye duniani kote anapatikana Tanzania peke yake, katika misitu ya milimani, naye yuko hatarini kutoweka, na paa nunga wa Unguja, ambaye wamebaki wachache.

Sasa tuje kwenye risasi. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa mbele. Kinachoruka ni kichwa peke yake. Zile namba, .243, .303, .375, zinaeleza upana wa kichwa au wa mtutu kwa sehemu za inchi. Ya .243 ni milimita sita na kidogo, ya.375 ni milimita tisa na nusu. Wengi hudhani habari imeishia hapo, kwamba namba kubwa ni bunduki bora. La hasha. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Nendeni Mtaa wa Msimbazi mkatazame. Yuko msukuma mkokoteni mwenye magunia ya mchele, na iko pikipiki inayokatiza katikati ya watu. Mkokoteni ni mzito lakini unakwenda polepole. Pikipiki ni nyepesi lakini ina kasi. Vyote viwili vinaweza kukuvunja mguu. Hesabu yake ni hii: uzito ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara mbili, lakini kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo maana risasi nyepesi ya .243, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1955, yenye kichwa cha gramu sita na nusu hivi, inaweza kumwangusha swala pala barabara. Inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde. Ile .303 ya zamani, waliyoibeba askari wa King's African Rifles, ina kichwa cha gramu 11 hivi lakini mwendo wake ni kama mita 740. Na .375 ina gramu 19 na mwendo wa mita 770 hivi. Nguvu yake ni zaidi ya mara mbili ya ile.243.

Mpwa wangu akadakia: "Basi mjomba, .243 ndiyo ya paa!"

Nikamwambia asubiri, maana liko jambo la tatu, nalo ndilo wengi hawalijui: kichwa chenyewe kimetengenezwaje. Kuna kichwa laini, ambacho kikiingia mwilini hufunguka kama uyoga na kupasua. Kuna kichwa kigumu, kilichofunikwa madini magumu mwili mzima, ambacho hupita moja kwa moja bila kufunguka. Ukimpiga digidigi kwa kichwa laini cha .243 kwa karibu, kasi ile yote inamalizikia kwenye mwili wa kilo tano. Utaokota ngozi na mifupa. Nyama ya bega imekuwa damu iliyoganda, na utumbo umechanganyika na paja.

Tena kichwa cha namna hiyo, chenye kasi, kikipasuka huacha chembechembe ndani ya nyama mbali na tundu lenyewe. Lugha yetu ilishatuonya: neno risasi ni jina la kinachotoka mtutuni na ni jina la madini yenyewe, yale mazito yenye sumu. Chembe hizo hazionekani kwa jicho, na sufuria haiziondoi. Wanaoumia zaidi ni watoto na mama wajawazito. Kwa hiyo nyama iliyo karibu na jeraha hukatwa na kutupwa, kwa ukarimu, siyo kwa ubahili.

Hapo ndipo penye kichekesho. Wawindaji wazoefu wanajua kwamba ile .375 aliyoshauriwa mpwa wangu, ikiwekewa kichwa kigumu, huharibu nyama ya digidigi kidogo kuliko .243 ya kichwa laini. Inatoboa na kupita. Kwa hiyo yule aliyemshauri hakukosea sana kwa upande wa nyama. Alikosea kwa sababu hakumwambia risasi hiyo ikishampita digidigi inakwenda wapi.

Inakwenda mbali, ndugu zangu. Hata ile ndogo kabisa ya .22, ambayo wengi huiona kama mchezo wa watoto, hubeba zaidi ya kilomita moja na nusu ikirushwa juu kidogo. Risasi za bunduki kubwa huzidi kilomita tatu. Kutoka Mnazi Mmoja, kilomita tatu zinakupitisha Kariakoo na kukufikisha Ilala. Huko porini, nyuma ya paa pana njia ya watu, pana mama anayeokota kuni, pana mtoto na mbuzi wake. Mwindaji anayepiga mnyama aliyesimama juu ya kilima, na nyuma yake ni mbingu tupu, hajui amempiga nani. Kabla ya kuuliza risasi gani, uliza nyuma ya mnyama pana nini. Kama hapana udongo wa kuipokea, shusha bunduki.

Basi nikampangia mpwa wangu hivi. Kwa funo na wenzake wa kwenye vichaka vizito, wanaoonekana kwa kufumba na kufumbua, wawindaji wa siku nyingi walitumia bunduki ya marisau, kwa umbali usiozidi hatua 30. Zaidi ya hapo marisau hutawanyika na kujeruhi tu. Kwa digidigi na dondoro wa mahali pa wazi, wataalamu wengi wa nchi za nje hupendelea risasi ndogo kama .22 Hornet, yenye kichwa cha gramu tatu hivi na kasi ya wastani. Kwa swala tomi, swala pala, tohe na pongo, .243 inatosha na kubaki. Mtu mwenye leseni ya bunduki moja tu, kama atakavyokuwa yeye, achukue ya daraja hilo la kati, ajifunze vichwa vyake, na digidigi amwache aendelee na mwenzake. Mnyama wa kilo tano hagawanyiki kwa watu sita waliotoka Dar es Salaam na gari la mafuta.

Lakini sheria haifuati maoni yangu. Kwa wanyama wakubwa wa hatari kipimo cha chini hapa kwetu ni .375, na kwa wanyama wengine kipimo kilichozoeleka ni .240, ambapo .243 inapita kwa tundu la sindano na ile Hornet inabaki nje. Kanuni hurekebishwa, kwa hiyo mwindaji aende kwa Bwana Nyama wa wilaya, aulize kabla ya kununua. Leseni ya bunduki inatoka kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali cha kuwinda ni kitu kingine, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwa na kimoja hakukupi kingine. Na kumulika wanyama kwa kurunzi usiku, au kuwapiga kutoka kwenye gari, ni ujangili hata kama risasi yako ni sahihi.

Yuko Mskochi mmoja aliyeitwa Bell, aliyewinda tembo huko Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya milimita saba, ambayo leo sheria isingemruhusu kuielekeza kwa tembo. Simtaji ili tumsifu. Namtaja kwa sababu alijua mahali pa kupiga. Kwa digidigi mahali hapo, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, ni pa ukubwa wa ngumi. Asiyeweza kupiga ngumi moja kwenye karatasi kwa hatua 80, mara tano kwa tano, hajafika wakati wa kumwelekezea mnyama. Bunduki kubwa haitamsaidia. Teke lake litamfanya afumbe macho kabla hajafyatua.

Sasa niseme langu, maana nisingependa mdhani nazungumza kama mtu asiye na dhambi. Nikiwa kijana, na leseni yangu mpya mfukoni, nilikwenda upande wa Kisarawe na bunduki ya marisau. Mzee mmoja wa kijijini alituongoza. Nikamwona nsya, kama hatua 60. Mzee akanishika mkono, maana ni mbali. Nikafyatua. Nsya akaruka, akaingia kichakani. Tulifuata damu tangu asubuhi hadi adhuhuri, tone hapa, tone pale, mpaka ikapotea kwenye mawe. Nikataka tuendelee mbele tukatafute mwingine. Mzee akakaa chini. Akaniambia: "Kibali chako kimeandikwa mmoja. Huyo mmoja umeshamwua, ila hujamwona." Akanyanyuka, akashika njia ya nyumbani.

Kesho yake wakamkuta. Fisi walikuwa wametangulia. Nilirudi mjini mikono mitupu, na wenzangu walinicheka hapo hapo Ilala, lakini maneno ya yule mzee sijayasahau. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea amehesabiwa. Anayehesabu asipokuwa Bwana Nyama, basi ni wewe mwenyewe.

Nimalizie na ninyi ambao hamtashika bunduki maisha yenu yote. Nyamapori siku hizi inaweza kuuzwa kihalali. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha maalumu yenye leseni. Lakini bado wapo wanaokuja uani jioni na kiroba, wakinong'ona kwamba wana paa. Kiroba hicho hakina tundu la risasi mara nyingi, ndugu zangu. Paa huyo kanaswa kwa waya shingoni, akahangaika usiku kucha, na waya huo haukuchagua dume wala jike mwenye mimba. Nyama haikupimwa na mganga wa mifugo, na ugonjwa wa kimeta hauna harufu. Anayeinunua ndiye aliyelipia waya. Ukitaka nyama hiyo, nenda kwenye bucha lenye leseni, na udai risiti.

Mpwa wangu alinyamaza kitambo, akamalizia kahawa yake. Halafu akasema: "Mjomba, kumbe nianze na kulenga karatasi."

Nikamlipia kikombe cha pili.