MANENO YA KAMATI YA KARAKANA KWA WANACHAMA



Maneno haya tuliyasema mkutanoni. Tumeombwa tuyabandike hapa ubaoni ili na waliokuwa shamba wayasome.

Tuanze na aibu yetu. Mwezi uliopita mama mmoja mwanachama, mchuuza samaki, alileta baiskeli yake, fremu imepasuka karibu na pedeli. Tukamwambia njoo kesho. Akaja kesho, akaja keshokutwa, akaja hata wiki ya tatu, na siku zote hizo samaki anabeba kichwani. Mwisho tukamwambia haitengenezeki, anunue nyingine. Haikuwa kweli. Ilikuwa inatengenezeka, ni uvivu wetu tu.

Sasa sikilizeni habari za karakana moja ya Uingereza, mjini Derby, iitwayo Mercian. Ilianzishwa mwaka 1946 na Tom Crowther na Lou Barker. Wanaunda fremu za chuma kwa mkono, na miongoni mwake ni za baiskeli za safari ndefu. Mtu atauliza, sisi na baiskeli za watalii wapi na wapi? Baiskeli ya safari siyo ya mashindano, ndugu. Nyuma ni ndefu, ili mzigo wa kwenye keria usigongwe na kisigino. Ina matundu ya kufungia keria na madigadi, na gia nyepesi za kupandia mlima na mizigo. Ni ndugu yake ile yetu ya kubebea mkaa, ila imevaa vizuri!

Mteja wao hupimwa kama kwa fundi cherehani: mguu, mkono, kiwiliwili. Huulizwa atabeba nini na atapita njia gani. Ndipo mabomba hukatwa. Viungo hupashwa kwenye tanuri la wazi, moto wa gesi ukizunguka kiungo chote, shaba ya manjano ikayeyuka na kujaza pengo. Chuma chenyewe hakiyeyuki. Hapo mafundi wetu tegeni sikio: kilichoungwa kwa shaba hufunguka tena kwa moto. Bomba likipinda linatolewa, linatiwa jingine, fremu inapakwa rangi upya. Ndiyo maana mtu anaweza kurudi na fremu aliyoinunua ujanani, au aliyoachiwa na babake, nao wakaipokea. Hawamwambii anunue nyingine.

Hatusemi ni malaika. Fremu mpya husubiriwa miezi. Lakini mtu anaambiwa mapema kwamba ni miezi, siyo "kesho" kama ile yetu.

Mwezi wa Mei 2024 karakana hiyo ilifunga milango. Mwaka huohuo waendesha baiskeli na wafanyabiashara wa sehemu zilezile wakatoa fedha, wakainunua, kazi ikaanza tena. Kwenye kamati tukaulizana: ya kwetu ikifungwa leo, nani atatoa hata shilingi mia? Tulinyamaza wote. Tunajua kwamba wengi wenu mnapeleka baiskeli kwa fundi wa barabarani, na hatuwezi kuwalaumu.

Fremu ya yule mama tuliiunga Jumanne. Tulitia kipande cha bomba kwa ndani, tukalehemu kwa shaba, wala hatukuchukua malipo. Tumemwomba radhi mbele ya mumewe na jirani zake. Alicheka, akasema ataona kwanza kama inafika mnadani na ndoo mbili.

Daftari liko mezani karakanani. Kila baiskeli inaandikwa siku ilipoingia, ubovu wake, na siku tuliyoahidi. Mwanachama yeyote anaruhusiwa kulifungua na kusoma, hata kama hana baiskeli.

Zimebaki tatu za siku nyingi: nyeusi isiyo na kiti, ya kijani yenye rimu iliyopinda, na ile ya mtoto. Wenyewe waje Jumamosi asubuhi, wakae hapohapo tukizitengeneza.