Mtoto Si Lindo la Kupokezana



Nchi jirani ya Rwanda ilitoka katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ikiwa na maelfu ya watoto waliopoteza wazazi. Vituo vya kulelea yatima viliongezeka, na vikundi vya watu wa kujitolea vikafika kutoka ng'ambo: kupaka rangi kuta, kufundisha nyimbo, kupakata watoto. Nia ilikuwa njema. Lakini baada ya majuma machache walifunga mizigo, na wageni wengine wakashika nafasi zao.

Askari hupokezana lindo, na ghala likabaki salama. Mtoto si ghala. Kila ampendaye kisha akatoweka humwachia jeraha jingine.

Kufikia mwaka 2012, uchunguzi nchini humo ulikuta watoto zaidi ya 3,000 katika vituo 33, na wengi wao walikuwa na jamaa walio hai. Serikali ikaamua kuwarudisha nyumbani. Mwaka 2013 ukaanza mpango wa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilitahadharisha juu ya madhara ya safari za kujitolea vituoni.

Basi, kikosi kinachotaka kumsaidia yatima na kimtafute bibi yake. Kimwezekee nyumba, kimlimie shamba, kimpunguzie mzigo wa karo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na alelewe na yule atakayebaki naye.