Ganzi ya Mdomo na Karatasi Isiyosomeka

Jumatano tarehe 23 Mei 2018, Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya benzokaini, dawa ya ganzi ya mdomo. Linalotushughulisha sisi ni ile tyubu ndogo ya marhamu ya benzokaini, ambayo mama wa Nyakabanda, Kigali, akiisha kukesha na mtoto anayeota meno, huinunua dukani, akampaka mwanawe ufizi kwa ncha ya kidole, kisha akashukuru kwamba kilio kimekoma. Nani amemwambia kwamba dawa ile, kwa nadra lakini kwa ghafula, yaweza kuigeuza damu ikashindwa kuchukua oksijeni, midomo na kucha zikawa za kijivu, na pumzi ikampaa mtoto? Visa zaidi ya 400 vimeandikwa tangu 1971. Karatasi ilikuwamo ndani ya kasha, naam. Lakini karatasi ilikuwa ya Kiingereza.

Hatusemi kwamba ganzi ni haramu. Mtu mzima mwenye vidonda vya mdomo, ambaye katika mwezi mtukufu wa Ramadhani huvumilia hadi magharibi, na kijiko cha kwanza cha uji wa futari kikamtoa machozi, anastahili nafuu. Na lidokaini, aliyoibuni mkemia Nils Löfgren huko Sweden mwaka 1943, imewasitiri wengi, hususan wagonjwa wa saratani ambao tiba yenyewe huwachubua kinywa. (Kwa mtoto anayeota meno, hata hiyo ilitolewa onyo mwaka 2014.) Lakini ganzi haiponyi: huufunika uchungu kwa muda, na katika muda huo mtu hujing'ata shavu, au huungua kwa chai asijue, na kidonda kilichopita majuma mawili chataka jicho la tabibu, si kupakwa tena. Hayo nani amwambie, maadamu karatasi haisemi lugha yake?

Hapa Rwanda, Kinyarwanda ni lugha yetu sote, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2017, na sheria ya Februari 2018 iliunda mamlaka ya chakula na dawa: basi karatasi na iseme lugha zetu! Nanyi wauza dawa, kabla hamjapokea fedha, ulizeni umri wa mtoto. Ikiwa hajatimiza miaka miwili, irudisheni tyubu rafuni. Nanyi kina mama, mkiona midomo imebadilika rangi, msingoje alfajiri: mkimbizeni hospitali, na tyubu iwe mkononi, tabibu aione.