Vyombo Vilivyotoka Jalalani
Hotuba ya mwalimu wa Shule ya Jumapili katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Nimepewa nafasi ya kusema neno juu ya muziki katika miaka 100 ya usharika wetu. Walionitangulia wamekwisha kueleza vema habari za kwaya. Mimi naomba nianzie mbali kidogo, katika kitabu cha picha tulichokisoma na watoto. Kinaitwa Ada's Violin, kimeandikwa na Susan Hood, picha zake ni za Sally Wern Comport, nacho kilichapishwa Marekani mwaka 2016. Habari yake ni ya kweli.

Huko Paraguay, Amerika ya Kusini, pembeni mwa mji mkuu wa Asunción, kuna kitongoji kiitwacho Cateura, kilichojengwa kando ya jalala la mji. Wakazi wake wengi wamekuwa wakiishi kwa kuchambua taka na kuuza zinazofaa kutumika tena. Mwaka 2006 alifika huko mtaalamu wa mazingira, Favio Chávez, ambaye pia ni mwanamuziki. Alipoona watoto hawana la kufanya, alijitolea kuwafundisha muziki, na bibi yake Ada akamwandikisha mjukuu wake. Lakini watoto walikuwa wengi na vyombo vichache, tena mahali pale fidla moja ilizidi nyumba kwa thamani.

Ndipo mchambua taka mmoja aliyekuwa fundi wa mbao, Nicolás Gómez, alipoanza kuunda vyombo kwa vitu vilivyotupwa. Mapipa ya mafuta yakawa fidla kubwa za sauti nzito, mabomba ya maji yakawa filimbi, na mbao za masanduku zikawa magitaa. Okestra ikazaliwa, ikasafiri hata nchi za mbali. Bibi, mwalimu, fundi na watoto, hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuiunda peke yake.

Nilipofunga kitabu, mtoto mmoja aliniuliza: "Mwalimu, na zile tarumbeta za stoo ni za nani?" Nilikosa jibu.

Washarika wapendwa, tarumbeta zile hazikuwa za kwaya moja. Zilipolia alfajiri ya Pasaka, watu wa mitaa yote walitoka nyumbani, na kwaya zote ziliimba wimbo mmoja. Zilitusindikiza makaburini, zikatupokea arusini. Kisha wapigaji wakazeeka, wengine wakalala katika Bwana, nasi tukafunga mlango kwa hofu kwamba watoto wataziharibu. Nasema "nasi" kwa sababu nilikuwamo katika kikao kile, wala sikunyosha mkono kupinga. Lakini kutu imeziharibu kuliko ambavyo mtoto yeyote angeziharibu.

Wenzetu wa Cateura walikuwa na watoto, hawakuwa na vyombo. Sisi tunavyo vyote viwili, na kufuli katikati yake.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Wazee, mbele ya Baba Askofu, stoo ifunguliwe kabla mwaka huu wa jubilei haujaisha. Zilizopasuka zipelekwe kwa fundi. Wazee wawili waliozipiga wangali hai, nao wameniambia wako tayari kufundisha maadamu wana pumzi. Zaburi ya 150 imetaja tarumbeta, matari na vinubi, wala haikutaja umri wa mpigaji.

Mtoto aliyeuliza swali lile yupo hapa leo. Namwomba asimame, ili Baraza limwone anayesubiri jibu.

Mungu aubariki usharika wetu. Amina.